Karibu ya Bi Aliya

Nyumba ya Ansab, pembeni mwa Maskati, ilikuwa imebakiza boriti moja tu pale aliyeisanifu alipofariki. Watu walikuwa wameshahamia, mapazia yametundikwa, jikoni kunapikwa kila siku. Lakini ile boriti kuu ya sebuleni, ambayo mwenyewe aliifuata karakana kule Rusayl na kuwasimamia mafundi mpaka ikapasuliwa kama alivyotaka, ilikuwa imechongwa nusu. Upande mmoja ulijaa maua. Upande wa pili ulikuwa mbao tupu.

Mahbuba ndiye aliyepigiwa simu na hospitali, kwa kuwa namba yake ilikuwa ya mwisho kupigwa katika simu ya marehemu. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kisha akakumbuka kwamba aliyekufa hakuwa Mwislamu, lakini akayasema tena maneno yale yale, kwa sababu hakujua kiumbe gani ambaye si wa Mungu na kwake hatarejea.

Jina lake lilikuwa Tadeusz, Mpolandi, mchoraji na msanifu wa majengo. Alizaliwa katika milima ya kusini mwa nchi yake, kwa watu wenye lafudhi yao, nyimbo zao na ufundi wao wa mbao, na kila alichokichora au kukijenga maishani mwake kilibeba kitu cha kule. Aliletwa Maskati na kampuni miaka mingi iliyopita. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alipanga chumba Matrah akawa anashinda vichochoroni akitazama milango ya zamani, mpaka Marhoon, ndugu yake Mahbuba, alipokutana naye huko na kumpa kazi ya nyumba ya familia. Marhoon alipenda kumtania. Alimuuliza kama paa la Ansab litastahimili theluji, na mzee wa watu akajibu kwamba paa anawaachia Waomani na jua lao, yeye aachiwe boriti, milango na vioo vya madirisha tu.

Katika boriti alichonga ua la nyota lenye petali sita, akilichora kwanza kwa bikari. Kwao, alisema, nyumba isiyo na ua lile juu ya vichwa vya watu haijawa nyumba. Siku ya kwanza Bi Aliya, mama yao Mahbuba na Marhoon, alipoliona, aliinua fimbo yake akalionyesha na kusema lile ua ni la mlango wa baba yake, Unguja. Basi wakaanza kugombana, ajuza wa Kizanzibari na mzee wa Kipolandi, nani kamwibia mwenzake.

"Sie kwenu hatujapata kufika," Bi Aliya alimkatia. "Kwa hivyo mwizi ni weye."

Tangu hapo wakawa marafiki. Bi Aliya alikuwa amevuka miaka themanini na akili yake ilikuwa inapwa. Alisahau kama amekula, alisahau mume wake amekufa, na siku nyingine alimwita Mahbuba kwa jina la dada yake mwenyewe. Adabu tu ndiyo haikumtoka. Mtu akiingia chumbani alijitanda vizuri, akamuuliza khabari za nyumbani kwao, akaagiza kahawa. Tadeusz alihamia chumba cha nje uani ili amalize kuchonga, na kila alasiri alikuja kukaa naye. Bi Aliya alimfundisha Kiswahili, naye akakishika kwa namna ya Kiunguja, nnakuja, nnakwenda, nnashukuru, hata Namutebi akawa anacheka kwa kificho.

Namutebi ndiye aliyekuwa akimhudumia Bi Aliya. Alikuwa Mganda, Mkatoliki wa kweli kweli, na ndiye aliyemfupishia mzee jina. Alisema kwao kila parokia ina Tadeo wake, hawezi kuumiza ulimi. Nyumba nzima ikamwita Tadeo.

Tadeo alianguka asubuhi moja akiwa juu ya ngazi, patasi mkononi. Hakuvunjika kitu, moyo ndio uliosimama. Alikaa hospitali muda mfupi, akafa.

Binti yake, Halina, alikuja kumchukua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, macho yamevimba, na muda wake wote aliumaliza katika ofisi za watu, muhuri huu na sahihi ile. Maiti ilikuwa imehifadhiwa hospitali, na jeneza lingetoka huko moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Siku ya safari alifika Ansab mchana, jua likiwa kichwani, kuchukua vitu vya baba yake. Alipokwisha kufunga mizigo alimfuata Mahbuba na kumwomba kwa Kiingereza ruhusa ya kukaa mlangoni kidogo peke yake. Kulikuwa na jambo la kwao, alisema, la mtu kuachana na nyumba yake.

Mahbuba alidhani anataka kusali. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa sala ya mtu haichunguliwi, na yeye mwenyewe alikuwa hajaswali adhuhuri. Alimwachia mlango akaingia chumbani kwake, akatandika mswala.

Alikuwa katika rakaa ya mwisho aliposikia mlio. Ulikuwa wa mbao juu ya mbao, mzito, wa taratibu, chini kabisa, kama mtu anayegonga kwa goti. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa tatu. Na kila baada ya mlio, kutoka chumba kilichokuwa karibu na mlango mkubwa, sauti ya mama yake iliitika, safi, ya furaha, sauti ambayo Mahbuba hakuisikia kwa muda mrefu.

"Karibu."

"Karibu ndani."

"Karibu, pita, mlango u wazi."

Alitoa salamu akatoka. Halina alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amekumbatia sanduku la mbao la vyombo vya kuchongea vya baba yake, machozi yanamdondoka juu ya kifuniko. Alimbusu Mahbuba, akaingia katika teksi. Chumbani, Bi Aliya alikuwa amejitanda kanga yake ya heshima, anatabasamu mbele ya kiti kitupu.

Kilichoanza kwanza kilikuwa harufu. Chumba cha Bi Aliya kilinuka mbao mbichi, harufu ya maranda na utomvu, ingawa Namutebi alikuwa amepiga deki kwa dawa asubuhi ile ile. Halafu ikaja baridi. Namutebi alitoka na sinia ya chakula, amejikunyata, akauliza nani amewasha kiyoyozi kwa nguvu namna ile. Mahbuba alikwenda kutazama. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nje lami ilikuwa inalainika kwa joto, na ndani vidole vya mama yake vilikuwa vyeupe kwenye kucha.

Lakini kilichomwogopesha Mahbuba kilikuwa dirisha. Vioo vya dirisha lile Tadeo alivichora mwenyewe kwa ufundi wa kwao: milima, miti yenye ncha, na njia nyembamba inayopanda, bila mtu wala mnyama, kama familia ilivyotaka. Wakati anavichora alimweleza kwamba rangi hupakwa kwa nyuma ya kioo. Mchoraji huanza na kile kilicho karibu na jicho la mtazamaji na kumaliza na mbingu, kinyume cha wachoraji wengine, kwa sababu anafanya kazi kama mtu aliye upande wa pili. Sasa vioo vile vilikuwa vimeingia ukungu. Maskati kila mtu anajua kwamba wakati wa kiangazi dirisha hutoa jasho kwa nje, kwa kuwa ndani kuna kiyoyozi na nje kuna mvuke wa bahari. Dirisha hili lilitoa jasho kwa ndani. Mahbuba alipitisha kidole juu ya ile njia nyembamba, kikatoka majimaji.

Jioni Marhoon alirudi kutoka kazini, akaingia, akatoka.

"Da Mahbuba, mwite fundi," alisema. "Au kama ni jini, basi jini wenu kasomea viyoyozi."

Fundi alikuja, akafungua, akafunga, akasema mashine haina umeme hata kidogo. Marhoon hakutania tena.

Bi Aliya mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Alikuwa na mgeni. Chakula kikiletwa, aliagiza kigawanywe, mgeni atiliwe kwanza, na yeye akila alikula vijiko viwili akasema ameshiba, asije mgeni akaona haya kula peke yake. Alimpa blanketi lake. Alimpa mto. Wakimwambia alale, aliwatazama kama watu wasiofunzwa.

"Mgeni yuko kitako, mie nijinyooshe?"

Alikaa hivyo, mgongo wima, siku hadi siku, anasinzia na kuzinduka, na kila akizinduka anaomba radhi kwa kile kiti. Mwili wake ulipungua mbele ya macho yao. Daktari aliyeletwa nyumbani alipima kila kinachopimika, akasema hana ugonjwa mpya, ila anaisha nguvu, na mtu wa umri wake asipolala na asipokula hachukui muda. Alilisema hilo nje, mlangoni, kwa sauti ya chini. Mahbuba alilisikia kama mtu aliyeambiwa siku.

Namutebi alivumilia mpaka kilipotokea kisa cha kahawa. Alikwenda kuondoa vikombe, cha Bi Aliya kikiwa kimenywewa na cha mgeni kimejaa, na katika kile kilichojaa akakuta ngozi nyembamba ya barafu juu ya kahawa. Alikuja nacho jikoni kukionyesha, kipande cha barafu kinagonga ukingo.

"Madam, mimi Bi Mkubwa nampenda," alisema. "Lakini kule siingii tena peke yangu. Khalas. Ukitaka nirudishe ofisini kwa wakala."

Mahbuba alimwambia hatamrudisha popote. Kuanzia hapo aliingia yeye.

Alikuwa mtu wa sala, na alijua alichofundishwa. Aliyekufa yuko barzakh, kule wafu wanakongojea kufufuliwa, hana safari ya kurudi kukaa kwenye viti vya watu. Basi hiki kilikuwa kitu gani? Aliuliza imamu wa msikiti wa jirani kwa simu, bila kumpa khabari yote, naye akamwambia amsomee mzazi wake Suratul Baqara na asikate. Akachukua msahafu, akaketi chini kando ya kitanda, akasoma. Alisoma kwa sauti, kwa moyo wote, akitegemea kwamba kama kuna kitu kitapiga kelele, au kitavunja kioo, au kitatoka mbio kama wanavyosimulia watu. Hakikutokea kitu. Baridi ilibaki pale pale. Alipofika Ayatul Kursiyyu aliinua macho akamwona mama yake anaitikia kwa kichwa.

"Kainamisha kichwa anakusikiliza," Bi Aliya alimwambia. "Asema wasoma vizuri."

Mahbuba alihisi nywele zinamsimama chini ya mtandio. Kama angekuwa adui, angejua la kufanya. Mgeni mwenye adabu hakujua afanye naye nini. Alifunga msahafu, na kwa mara ya kwanza akauliza swali ambalo alikuwa analiogopa.

"Ni nani, mama?"

"Tadeo. Nani mwengine? Alibisha, nikamkaribisha." Bi Aliya alishusha sauti, kama anayemsengenya mtu aliye mbele yake. "Lakini siku hizi hana mazungumzo, mwanangu. Kila nnachomuuliza hanijibu. Anatazama mlango tu. Sijui nimemkosea nini."

Maneno yale yalimkaa Mahbuba. Aliyaona yana upande ambao haujaangaliwa. Mtu anayetaka kukaa hatazami mlango.

Alitoka uani, penye joto, akampigia Halina. Ilikuwa mchana kule pia, nyuma yake kulikuwa na watu na vyombo vinagongana. Mahbuba hakutaka kumuumiza mfiwa, kwa hiyo alianza mbali: maziko yamekwendaje, nyumbani hawajambo. Hatimaye akamuuliza alifanya nini siku ile mlangoni.

Halina alieleza bila kusita. Kule milimani, mtu akifa, wanaolibeba jeneza wakifika kwenye kizingiti hulishusha mara tatu, likagusa mbao. Ndivyo maiti anavyoiaga nyumba yake. Akishaiaga, hana deni nayo, anakwenda. Baba yake hakuwa na nyumba nyingine ya kuaga. Ile ya kwao iliuzwa zamani. Jeneza asingeweza kulileta Ansab. Basi alichukua sanduku lake la kazi, ambalo alikuwa nalo tangu ujana, akaligonga badala yake. Alimalizia kwa kumshukuru Bi Aliya, ambaye alimsikia akiitikia kutoka ndani. Alidhani na huku watu wana desturi hiyo, na kwamba mama alikuwa anamwambia marehemu kwaheri.

Mahbuba alibaki amesimama na simu imeshakatika. Jua lilikuwa linamchoma utosini naye hakusogea. Mtu aligonga mara tatu ili atoke. Na katika nyumba ya Waswahili, mlango ukigongwa mara tatu, mtu mwenye adabu hana jibu ila moja. Walimkaribisha mtu aliyekuwa akiaga. Mama yake alimfungulia kwa heshima zote, na yeye, mtu wa watu, hakujua atokeje kwa waliompokea vizuri hivyo.

Alirudi chumbani akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika ile mikono ya baridi.

"Mama, Tadeo hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anaaga. Kwao ndivyo wanavyoaga."

Mahbuba hakuwa na hakika kama maneno yameingia, kwa sababu siku hizo mengi hayakuingia. Kisha uso wa ajuza yule ukabadilika, ukajaa haya, haya ya msichana aliyemwagia mgeni chai.

"Alaa," alisema. "Kumbe nimemchelewesha."

Akaomba buibui lake.

Mahbuba alielewa anataka nini. Kwao, tangu Unguja, mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa. Mwenyeji hutoka naye, wakatembea, wakazungumza. Alimsihi mama yake aketi, atakwenda yeye kwa niaba yake, yeye si mwanawe?

"Kwani weye ndiye uliyemkaribisha?" Bi Aliya alijibu.

Walitoka baada ya swala ya alasiri. Marhoon alikuwa kazini bado. Namutebi alisimama getini na rozari yake, midomo inakwenda, na walipopita aliwapisha hatua mbili zaidi ya walizohitaji watu wawili.

Mama ambaye kwenda msalani alishikwa mikono miwili sasa alitembea. Alishika fimbo lakini hakuiegemea. Alipita nyumba za majirani, magari yaliyofunikwa vumbi, duka la mboga, akageukia barabara ndogo inayokwenda mpaka kwenye kuta za mwisho, na nyuma ya kuta zile kulikuwa na wadi kavu, korongo la mto usio na maji, changarawe tupu, na ng'ambo yake vilima vya mawe visivyo na jani. Mahbuba alilazimika kukaza mwendo. Mama yake alikuwa anazungumza pembeni, mbali naye, kwa sauti ya kawaida: anamsifia mtu kazi yake, anamwambia ile boriti hata nusu yake inatosha, anamuuliza kama njia ya kwao ni ndefu.

Walishuka kwenye changarawe. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye mawe kama mvuke wa chungu. Jasho lilimtiririka Mahbuba mgongoni. Alimtazama mama yake na kuona paji lake kavu, midomo imeingia rangi ya samawati. Na kila alipofumbua kinywa kusema, pumzi yake ilitoka nyeupe, ikaelea mbele yake kidogo, ikapotea juani.

"Mama, inatosha. Turudi."

Bi Aliya hakusimama.

"Mama, tumefika mbali. Tumeshamtendea haki. Turudi."

Alimshika mkono akamvuta. Alikuwa mwepesi kama kapu, na bado Mahbuba hakuweza kumzuia.

"Niache, mwanangu. Bado hajaniruhusu."

Hapo Mahbuba akafahamu. Mwenyeji anayesindikiza hageuki mwenyewe. Kugeuka mwenyewe ni kumwambia mgeni umenichosha. Mgeni ndiye husema, basi, rudi sasa, hapa panatosha. Asiposema, mwenyeji huendelea. Na huyu mgeni hakujua. Alifundishwa hodi na karibu, alifundishwa nnakuja na nnashukuru, lakini nani angemfundisha neno la kumrudisha mwenyeji, mtu ambaye kila alasiri alitoka chumba cha uani na kurudi chumba cha uani? Alikuwa anapanda njia yake, pengine anashangaa wema wa ajuza huyu asiyechoka, na mama yake angemfuata kwa adabu mpaka pale ambapo watu hawarudi.

Tangu mambo haya yaanze Mahbuba hakuwahi kumsemesha. Alisema na Mungu, alisema na mama yake, alisema na daktari. Kile kiti hakukisemesha, kwa kuwa aliogopa kuifungulia nafsi yake mlango ambao dini imeufunga. Alimwomba Mola wake msamaha kwa neno atakalolitamka, kama ni kosa, na kama si kosa basi alikubali. Kisha alisimama mbele ya mama yake, akaikabili ile hewa ya kando yake iliyokuwa tupu na baridi.

"Bwana Tadeo," alisema. "Kwetu mgeni ndiye husema. Usiposema, mama atakwenda nawe mpaka mwisho, na mimi bado namtaka. Neno lenyewe ni dogo. Mwambie, rudi."

Upepo haukuwepo. Mbali, barabarani, magari yalikuwa yanapita kana kwamba dunia ni ile ile.

Fimbo ya Bi Aliya ilisimama. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, halafu uso wake ukakunjuka kwa kicheko kidogo cha huruma.

"Kasema nnarudi," alimwambia Mahbuba. "Maskini. Kakosea."

Mahbuba hakujua kama ni kosa la mwanafunzi, aliyezoea kutia nna- mbele ya kila kitu, au kama mzee yule amesema alichokusudia kusema. Alirudia polepole, kama mwalimu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Si nnarudi. Wewe unakwenda. Yeye ndiye anayerudi. Sema, rudi."

Walingoja. Pumzi ya mama yake ilitoka nyeupe, ikatoka tena, nyembamba zaidi. Mahbuba alimshika mabega na kusoma kimoyomoyo kila alichokijua. Kisha Bi Aliya aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyoitikia mtu aliyeagwa vizuri.

"Haya," alisema. "Ufike salama."

Akageuka.

Hawakuwa wamefika kwenye kuta za kwanza pale miguu ilipomlegea Bi Aliya, ukawa tena ule uzito wa kila siku, na Mahbuba akamzungushia mkono kiunoni. Paji la mama lilikuwa limetoa jasho. Alijipepea kwa ncha ya buibui akaanza kulalamika.

"Jua lote hili wanitembeza mawe haya, Mahbuba, wataka kuniua? Nna kiu. Nna njaa pia."

Alimwita kwa jina lake. Mahbuba alitaka kulia na kucheka, akamhimidi Mungu, akasema chai ipo na mikate ipo, ni hapo tu. Lakini lile jambo lilikuwa linamkereketa, na hakuweza kulibeba mpaka nyumbani.

"Mama, ile mara ya pili, alisemaje?"

"Nani?"

"Tadeo."

Bi Aliya alimtazama usoni kwa macho safi, yasiyo na kitu.

"Tadeo gani, mwanangu?"

Nyuma yao, kwenye wadi, changarawe zililia chini ya miguu ya mtu, mlio mkavu, wa kusagika, kama mtu anayetafuna barafu. Mahbuba alimkumbatia mama yake, akatazama mbele, akaendelea kutembea. Hakuweza kutambua kama nyayo zile zinakwenda au zinakuja.